Mifuko Kumi na Miwili ya Damari

Gasto alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa mbali. Siyo kwamba watu wa upande ule wa Mwankoko hawakuwa na adabu. Adabu walikuwa nayo tele, ila waliitoa wakiwa ng'ambo ya barabara. "Habari za huko, bwana Gasto!" Na hilo neno huko ndilo lililobeba mzigo wote. Huko kwenye mabwawa, lilikoishia bomba kubwa la majitaka la mjini Singida, likimwaga kila walichokiacha asubuhi maofisa, makarani na wake zao. Wao walivuta mnyororo, wakanawa, wakaenda kulijenga taifa. Kilichobaki kilikuwa cha Gasto.

Kazi yenyewe, ukiieleza kwa kifupi, ilikuwa ni kuyatoa maji kwenye uchafu. Tope la majitaka likifika ni jepesi kama uji wa mgonjwa. Ukichota ndoo mia, tope la kweli halifiki ndoo tano, mengine yote maji. Na hakuna dereva wa lori atakayekubali kubeba maji yanayonuka kwenda kuyamwaga porini. Kwa hiyo tope lilianza kwa kuingia kwenye tangi la mviringo la saruji, likatulia humo. Mkono mrefu wa chuma ulizunguka ndani ya tangi polepole, ukilisukuma lililozama liende katikati, lishikane, liwe zito, na maji ya juu yakamwagika ukingoni kwenda mabwawani. Lile zito lilifunguliwa kwa bomba la chini, likajazwa katika mifuko ya kitambaa kigumu, mifuko ikapangwa kwa zamu na mbao ndani ya mashine ya kukamulia. Gasto akizungusha gurudumu la juu, skrubu inashuka, maji yanachuruzika. Kilichobaki mfukoni kilikuwa kama mashudu meusi, na hicho ndicho kilichokwenda kuanikwa juu ya mchanga, mahali ambapo ramani ya mradi ilipaita vitanda. Katika vitanda vyote vya serikali, hivyo tu ndivyo havikuwahi kugombewa na mtu.

Mwaka huo wa sabini na nne dizeli ilikuwa haipatikani, injini ndogo ya tangi ikalala. Lakini mkono wa chuma haukuruhusiwa kulala, maana tope likigandia chini, tangi limekufa. Gasto akafunga mti mrefu kwenye ule mkono, akawa anausukuma mwenyewe, akizunguka tangi asubuhi na jioni kama punda wa kinu. Kwa makisio yake alikwishatembea mpaka Dodoma na kurudi, na njia nzima hakukutana na mtu.

Mkewe, Klara, alikuwa ameondoka mwaka wa tano sasa. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema tu kwamba kisimani wanawake walikuwa wanampisha mno, mpaka anachota maji kama malkia, naye hakuzaliwa kuwa malkia. Akarudi kwao Misigiri. Barua zake chache zilieleza kwamba amewaambia watu mumewe yuko kwenye idara ya maji. "Siyo uongo," Gasto aliiambia barua. "Ni maji kweli, ila yamepitia kwa watu kwanza."

Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyekaa akala naye. Hilo ndilo lililomuuma. Harufu haikuwa shida; pua hukata tamaa mapema kuliko viungo vyote. Kilichokataa kuzoeleka ni ugali wa mtu mmoja. Angeambiwa achague kati ya baiskeli yake na mtu mmoja wa kuketi kwenye mkeka wake, anawe, amege tonge, angeisukuma baiskeli nje bila kuuliza mtu huyo ni nani.

Sasa ile mifuko ya kitambaa, iliyokuja kutoka ng'ambo ndani ya sanduku pamoja na mashine, ilikuwa imechakaa. Ilibaki mitatu. Idrissa, Bwana Afya, alikuja na Landrova yake mara moja kwa mwezi, akaongea kupitia dirishani huku injini ikinguruma, maana ukizima injini mahali kama hapo huenda ukalazimika kushuka.

"Vitambaa vimeagizwa, ndugu."

"Vimeagizwa tangu mwaka juzi, mzee."

"Basi vimekaribia. Kitu kilichoagizwa zamani ndicho kilicho karibu kufika."

"Mvua itafika kwanza. Mfuko mmoja una tundu la kupita paka. Vitanda vimejaa tope bichi. Ikinyesha, lote linatelemka mpaka ziwani."

Idrissa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Jitegemee, ndugu Gasto," alisema. "Siasa ya sasa ndiyo hiyo." Akapandisha kioo.

Basi Gasto akajitegemea. Dawa aliiona sokoni, akiwa amesimama pembeni kama kawaida yake. Kina mama wawili walikuwa wanachuja pombe ya mtama. Waliimimina na machicha yake kwenye mfuko mrefu uliosukwa kwa majani ya milala, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakausokota kama wanaokamua nguo. Pombe ikashuka chunguni, machicha yakabaki mfukoni, makavu. Gasto akacheka kwa sauti. Watu wakageuka, wakamwona ni yeye, wakageuka tena.

Msusi wa machujio yale aliitwa Damari, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye vidole vyepesi na mdomo mkali. Gasto alimkuta barazani kwake na rundo la milala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, upepo unatoka kwako."

Gasto akasimama. "Nataka mifuko ya kuchujia. Kumi na miwili. Upana hivi, urefu hivi."

Damari aliipima kwa macho ile mikono iliyotanuka. "Hiyo ni mifuko, au nguo za ndani za tembo? Unataka kuchuja ziwa?"

"Nina kazi kubwa, mama."

"Ya lini?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nataka iishe kabla ya mvua."

Hakusema ni kazi gani. Aliogopa akisema ukweli mama atakataa, na kwa hilo hana wa kumlaumu. Lakini kuna jambo jingine ambalo hakulifikiria kabisa. Katika nchi ile, mtu mwenye shamba linalomshinda nguvu hupika pombe, na majirani huja na majembe yao. Adhuhuri shamba limekwisha, watu wanakunywa. Hakuna anayepiga mbiu. Ukiona mtu anatafuta machujio, jua anaita watu. Na mwaka ule amri ilikuwa imetoka kwamba kila mfanyakazi alime ekari yake, apende asipende. Kwa hiyo machujio kumi na mawili, kazi kubwa, Jumamosi, kabla ya mvua: Damari alihitaji maelezo gani tena? Hata Iramba alikozaliwa Gasto desturi ilikuwa hiyo hiyo, ila yeye alikuwa amekaa na mashine mno. Kwake yeye mfuko ulikuwa mfuko.

Damari alisuka siku kumi na moja, na kila alasiri Gasto alikwenda kuangalia. Siku za mwanzo alisimama. Siku ya nne mama akamwonyesha jiwe, hatua kumi hivi, upande ambao upepo haukumdhuru mtu, akasema, "Kaa, unanichosha shingo." Akakaa. Siku ya sita alinyoa ndevu kabla ya kwenda. Walizungumza habari za milala, bei ya chumvi, mume wa Damari aliyekufa kwa homa akiwa bado anadai yeye haumwi. Mama alikuwa anamsuta kuanzia salamu mpaka kwaheri, na Gasto alirudi mabwawani akitembea kama mtu aliyesifiwa. Mfuko wa kumi na mbili ulipokaribia kwisha, alijikuta akiuombea ufumuke.

Haukufumuka. Ijumaa aliibeba yote kwa baiskeli, na Jumamosi alfajiri akajaza ya kwanza sita, akaipanga kwenye mashine bandani, pamoja na mbao zake, akazungusha gurudumu kwa nguvu zote. Tope likaruka pembeni, likampaka mpaka kifuani. Akalegeza, akajaribu tena, likaruka tena. Akaamua kwenda kuusukuma ule mkono wa tangi kwanza, hasira ipungue.

Alikuwa kwenye mzunguko wa tatu aliposikia wimbo.

Walikuwa watu kama ishirini na tano, wake kwa waume, majembe mabegani. Mbele alikuwa Ezekieli, balozi wa nyumba kumi, mtu mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Hawakupita ng'ambo ya barabara. Waliingia moja kwa moja mpaka uani, wakaweka vibuyu vyao vya kunywea ukutani.

"Hodi huku! Mnyiramba wewe, unalala mpaka saa hizi?" alisema Ezekieli. "Shamba liko wapi? Tuonyeshe mpaka, jua lisituwahi."

Gasto aliacha kuusukuma ule mti wa tangi. "Shamba?"

"Anajifanya hajui! Au ulitaka tuje tunywe tu? Nyie watu wa Iramba mna roho nzuri, lakini siyo kiasi hicho."

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa uani kwake. Gasto akainua mkono, akaonyesha kipande cha pori nyuma ya nyumba, kwa sababu mkono lazima uonyeshe mahali fulani. Dakika ile ile majembe yakaanza.

Ndipo alipoelewa. Alimwona Damari amekaa kwenye kivuli cha ukuta, amevaa kitenge cha kanisani, anatazama kama mwenye shughuli. Akaelewa yote, na mdomo wake ukabaki umefungwa. Naomba usimhukumu upesi. Mwanamke mmoja aliuliza jiko liko upande gani, akaenda kuwasha moto. Mwingine akaazima sufuria bila kuomba. Kijana mmoja akamwita shemeji. Wimbo ulikwenda na majembe, udongo ukapinduka mwekundu, na mtu akapiga kelele, "Gasto, kanawe hilo tope, njoo uongoze mstari, au mwenye shamba ni mzungu?" Akanawa, akaenda, akalima katikati yao, bega huku na bega huku. Aliomba shamba lirefuke mpaka Manyoni.

Pombe hakuwa nayo hata kikombe. Lakini uongo wa hilo ulikuwa tayari, tena uongo mzuri. Angesema tu, jamani, pombe imeharibika. Jambo hilo humpata kila mtu. Chachu inagoma, mtama unakuwa mbaya. Wangemcheka, wangempa pole, wangemwambia atapika tena. Unga ulikuwepo, mlenda ulikuwepo, wale wanawake walikuwa wamekwishabandika maji. Wangeketi kwenye mkeka wake, wangenawa, wangekula. Wangerudi mara ya pili. Gasto aliupanga uongo huo vizuri kichwani, akaupangusa, ukang'aa.

Jua lilipopanda Ezekieli akajinyoosha, akaegemea jembe. "Sasa bwana Gasto, nina ombi. Wiki ijayo namwoza binti yangu, Martha. Watu watakuwa wengi. Mama Damari ameniambia ametengeneza machujio makubwa ambayo hayajapata kuonekana. Ukimaliza kuchuja leo, niazime."

"Yatakuwa matamu zaidi hayo," Damari alidakia kutoka ukutani. "Yameonja pombe moja tayari. Yako kwenye lile banda? Ngoja nikayaone yalivyokaa." Akaanza kuinuka, mkono kwenye goti.

Gasto akatafuta uongo mwingine. Yamechanika. Nimemwahidi mtu. Yameibwa. Kila mmoja ulikuwa na tundu, na katika kila tundu aliwaona wageni wa Martha, vibuyu midomoni. Siku moja mtu angelikuta banda wazi akayachukua machujio, akijua ni ya pombe, maana hivyo ndivyo kijiji kizima kilivyoamini, na yeye ndiye aliyewaacha waamini.

"Mama, kaa," alisema. "Hakuna pombe."

Majembe ya karibu yakasimama.

"Imeharibika?" aliuliza Ezekieli, tayari kwa huruma.

Mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa; ilibaki kuitikia tu. Gasto akatikisa kichwa. "Sikupika. Mifuko ya mama ni ya hili." Akaonyesha tangi kwa kidevu. "Ya mashine. Vitambaa vya ng'ambo havikuja. Sita imejaa tope sasa hivi. Sikusema kwa sababu niliogopa, na mlipokuja... mlipokuja, nilifurahi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akaacha, kwa kuwa hakuna aliyemfuata. Mwanamke wa jikoni alitoka, akaangalia mikono yake pande zote mbili, akaenda kuiosha, akaiosha tena. Vibuyu vikachukuliwa ukutani kimoja kimoja. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Ezekieli ndiye aliyeondoka mwisho. "Ungesema tu, bwana," alisema kwa upole. "Tungekucheka tukiwa kwetu." Akatazama ule udongo mwekundu uliolimwa nusu. "Basi panda hata karanga. Usiuache hivyo." Na alipofika barabarani akavuka ng'ambo, kwa mazoea tu.

Gasto akasikia mlango wa banda ukilia. Damari hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama mbele ya mashine, kona ya kitenge puani, macho kwenye mifuko yake.

"Siku kumi na moja," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Nyamaza. Siku kumi na moja, na mgongo huu. Nani atanunua chujio langu sasa? Wataninusa kwanza." Akasogea hatua moja, akarudi nusu. Halafu akakunja uso kwa jambo jingine kabisa. "Na hii nini? Mbona linatokea pembeni?"

"Nikikaza linaruka."

"Ulikaza lini?"

"Nilipomaliza kujaza tu."

Damari akaitoa ile kona ya kitenge puani ili aweze kugomba vizuri. "Nani alikufundisha kukamua, wewe? Kitu kikiwa na maji yake yote hakikamuliwi! Hata pombe ukiivamia hivyo inapasua chujio. Unatundika kwanza. Unaiacha ilie yenyewe, mpaka ichoke kulia. Ikichoka ndipo unaishika, pole pole, unapumzika, unaishika tena. Umekaa na mashine ya Wazungu miaka yote hiyo, hakuna aliyekwambia?"

"Kitabu chake kilikuja kwa lugha nisiyoijua."

"Tundika."

Alitundika. Mifuko sita kwenye boriti ya banda, huku mama akiamuru kutoka mlangoni, huu juu kidogo, huo usiguse ukuta, we, utaung'oa mshono. Mwanzoni hakukuonekana kitu. Kisha chini ya kila mfuko kukatokea tone, likafuatwa na jingine, mpaka sakafu yote ikawa inapiga kelele ndogo ndogo. Damari aliinama kutoka alipokuwa, akaangalia. Maji yalikuwa yanatoka karibu meupe.

"Milala haidanganyi," alisema, na uso wake ukasahau hasira kwa nafasi ya pumzi mbili.

"Yanachukua muda gani?"

"Mpaka jua lilale. Ukikaza kabla ya hapo, nakuja kuichukua yote nikaichome."

Kule jikoni maji ya ugali yalikuwa yanachemka bila mwenyewe. Gasto akasonga, kwa kuwa haikuwa na maana kuyamwaga. Akatoka na sahani ya bati na bakuli la mlenda, akamkuta mama bado yupo, amekaa kwenye jiwe la mbali uani, upande unakotoka upepo, amempa ubavu.

"Karibu chakula, mama," alisema.

"Sili hapa."

"Sawa mama."

"Usiseme sawa kama mtoto aliyepigwa. Nimesema sili. Sikusema naondoka, miguu inauma, na mifuko yangu bado naitazama." Akafungua fundo la kitenge, akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, chake mwenyewe, cha nyumbani kwake. Akaanza kukimenya kwa ukucha, uzi mmoja mmoja.

Gasto akakaa chini pale alipokuwa, hatua kumi kutoka kwake. Akala. Akamega, akachovya, akameza, akamega. Alipoinua macho ugali ulikuwa umekwisha, na mama hajafika hata nusu ya ganda. Aliona aibu. Miaka mitano ilikuwa imemfundisha kula kama anayefukuzwa. Alifikiri, nikiweka sahani chini ataona tumemaliza, atainuka. Akaendelea kupeleka mkono kwenye bati, akirudisha vidole vitupu mdomoni, akitafuna hewa taratibu, akichovya tena pasipo na kitu.

Upepo ukapita. Matone yakaendelea bandani.

"Sahani imekwisha, Gasto," Damari alisema bila kugeuka. "Nasikia kucha zako."

Mkono ukamsimama katikati ya safari.

"Subiri basi," alisema mama, akakiuma kiazi kwa jino la pembeni. "Mimi nakula polepole. Sina meno."

Akasubiri.